Jino likinyamaza halijapona: tunayoyakosea kuhusu matibabu ya mzizi

"Daktari, ng'oa tu, nirudi zangu shamba." Maneno hayo yamezoeleka kwenye vyumba vya meno vya Mbeya, Iringa na Njombe, na anayeyasema si mjinga wala mwoga. Ametoka Isyonje au Makete na gari la alfajiri, usiku hakulala, mfukoni ana nauli ya kurudi na hela ya kung'olea. Akiambiwa kwamba jino lake linaweza kutibiwa mzizi, yaani kusafishwa hadi ndani ya mzizi na kuzibwa, likabaki mdomoni, anatikisa kichwa. Amesikia mengi. Kwamba matibabu hayo ni mateso matupu. Kwamba jino likishatolewa mshipa linakuwa maiti, linamwozesha mtu polepole. Kwamba meno ya juu yameshikana na macho. Kwamba kuna jirani aliyetibiwa, akalipa hela nyingi, na mwaka uliofuata shavu likavimba upya. Baadhi ya hayo yana chembe ya ukweli ndani yake, ndiyo maana hayafi.

Naamini karibu yote yana shina moja. Tumezoea kuupima ugonjwa wa jino kwa maumivu peke yake: likiuma linaumwa, likitulia limepona. Lakini jino linapoacha kuuma lenyewe, bila kuguswa na tabibu, mara nyingi ndipo ugonjwa umetoka kwenye jino ukaingia kwenye mfupa wa taya. Ili hili lieleweke inabidi tulifuate jino moja tangu linapotoboka hadi mwisho wake.

Kilichomo ndani

Nje kabisa jino lina ganda jeupe, gumu kuliko kitu kingine chochote mwilini, na ganda hilo halina hisia. Chini yake kuna dentini, ya manjano kidogo, yenye vitundu vyembamba visivyoonekana kwa macho, vyote vikielekea ndani. Katikati kuna kiini, nyama laini yenye mishipa ya damu na mishipa ya fahamu. Nyama hiyo inapita kwenye mfereji mwembamba hadi ncha ya mzizi, na hapo inaungana na mwili kupitia tundu dogo mno. Meno ya mbele kwa kawaida yana mfereji mmoja. Gego la chini mara nyingi lina mitatu, wakati mwingine minne. Gego kubwa la kwanza la juu mara nyingi lina minne, na mmoja kati ya hiyo hupenda kujificha. Tutaurudia huo uliojificha, kwa sababu unachafua jina la matibabu haya kuliko watu wanavyojua.

Kinachotoboa jino si mdudu. Imani ya mdudu ni ya kale sana na haikuanzia kwetu. Wababeli waliiandika kwenye vibao vya udongo, na Ulaya iliishi nayo karne nyingi. Huku kwetu bado wapo wanaofukiza mbegu za ndulele wakisubiri mdudu adondoke. Mwaka 1890 W. D. Miller, daktari wa meno Mmarekani aliyekuwa akifanya kazi Berlin, alieleza kinachotokea: bakteria wa mdomoni hula sukari na wanga, wakatoa asidi, na asidi hiyo ndiyo inayoyeyusha ganda. Anayekunywa chai ya sukari mara tano kwa siku na soda mchana anawalisha mara sita. Kuna hata jambo linaloweza kumdanganya mtu mwenye akili timamu: kiini cha jino kikitolewa kizima huonekana kama uzi mfupi mwekundu, na anayemtafuta mdudu anaweza kuapa kwamba amemwona.

Kuoza si njia pekee ya kufika ndani. Punje ya jiwe kwenye wali, chupa ya soda iliyofunguliwa kwa meno, kuanguka na bodaboda: jino likipata ufa, bakteria wamepata mlango.

Jaribio lililonishawishi kuliko yote lilichapishwa Marekani mwaka 1965. Kakehashi na wenzake walitoboa meno ya panya hadi kwenye kiini, wakayaacha wazi, chakula kikaingia. Panya wa kawaida viini vyao vilikufa na majipu yakatokea kwenye ncha za mizizi. Kundi la pili walikuwa panya waliokuzwa katika mazingira yasiyo na bakteria hata mmoja. Hao nao walikuwa na matundu yaleyale na uchafu uleule wa chakula, lakini viini vyao havikufa; vilijitengenezea ukuta mpya wa dentini na kujifunika. Jeraha lenyewe halikutosha kuliua jino. Wauaji walikuwa bakteria. Matibabu ya mzizi, ukiyavua mapambo yote, ni kazi ya kuwatoa bakteria hao ndani ya mfereji na kuziba njia wasirudi.

Maumivu yanapoanza, na yanapoisha

Mwanzoni jino hushtuka kwa maji ya baridi, au kwa ile hewa ya Juni asubuhi pale Uyole, kisha linatulia ndani ya sekunde chache. Kiini kimekereka lakini bado kizima. Hapa kuziba tundu kwa kawaida kunatosha, na matibabu ya mzizi hayahitajiki. Ningependa kila mtu aende kliniki katika hatua hii, kwa sababu ndiyo rahisi kuliko zote na ya bei ndogo kuliko zote zinazofuata.

Tukichelewa, bakteria wanasogea na kiini kinavimba. Mahali pengine mwilini uvimbe una nafasi ya kutanuka. Kiini hakina, kwa kuwa kimezungukwa na ukuta mgumu pande zote, kama maharage yaliyolowekwa ndani ya chupa iliyofungwa. Ndipo yanapokuja maumivu yanayopiga kwa mapigo ya moyo, yanayoamshwa na chai ya moto na kukawia hata kikombe kikishawekwa chini. Yanazidi usiku kwa sababu mtu akilala damu huenda kichwani kwa urahisi zaidi na shinikizo ndani ya jino linapanda. Mwenye jino hilo anaweza hata kushindwa kuonyesha ni lipi. Anashika sikio, anashika kipaji cha uso.

Kisha, siku moja, yanakwisha. Mgonjwa analala, anaamka mzima, anamshukuru Mungu au vidonge alivyopewa dukani. Kilichotokea ni kwamba kiini kimekufa, na pamoja nacho imekufa mishipa ya fahamu iliyokuwa ikilalamika. Bakteria hawajaenda popote. Sasa wana mfereji mzima wa nyama iliyokufa, na kinga ya mwili haiwafikii kwa sababu damu haiingii tena humo. Wanatoka polepole kwenye ncha ya mzizi na mfupa unaozunguka ncha hiyo unaanza kuliwa. Hali hiyo inaweza kukaa kimya miezi, hata miaka. Pengine kinatokea kijipu kidogo kwenye ufizi, kinapasuka, kinatoa usaha wa chumvichumvi, kinafunga, kinarudi. Watu wengi wanaishi na kijipu hicho bila wasiwasi wowote kwa kuwa hakiumi. Hakiumi kwa sababu usaha umepata pa kutokea.

Dukani kwa dawa

Hapa ndipo pesa nyingi za watu wetu zinapopotea. Jino likiuma, kituo cha kwanza ni duka la dawa: amoksilini vidonge kadhaa, flajili, diklofenaki, basi. Dawa ya maumivu inatuliza maumivu, hilo ni kweli. Antibiotiki hufika mahali kwa kubebwa na damu, na ndani ya jino lililokufa damu haifiki. Zinaweza kupunguza uvimbe wa shavu, kwa sababu shavuni damu ipo, lakini chanzo kinabaki palepale. Mwaka 2019 chama cha madaktari wa meno cha Marekani kilitoa mwongozo unaosema kwamba kwa watu wazima wengi wenye maumivu ya kiini, na hata wenye jipu dogo lisilosambaa, antibiotiki hazipendekezwi pale ambapo jino lenyewe linaweza kushughulikiwa mara moja. Zina mahali pake: homa, uvimbe unaosambaa, mgonjwa ambaye kinga yake iko chini. Kununua vidonge vitano kila jino linapoamka hakutibu chochote, na kunawafundisha bakteria kuizoea dawa ambayo siku moja mtoto mwenye nimonia ataihitaji.

Tiba za nyumbani hazilingani. Karafuu ina msingi: mafuta yake yana yujinoli, na madaktari wa meno wenyewe huchanganya yujinoli na oksidi ya zinki kutengeneza dawa ya kuzibia jino kwa muda. Inatuliza, haiponyi. Chumvi kwenye maji ya uvuguvugu haina ubaya. Lakini aspirini iliyosagwa na kubanwa kwenye ufizi huuchoma ufizi, na maji ya betri, ambayo wapo wanaoyadondoshea kwenye tundu, ni asidi kali inayounguza jino, ulimi na shavu pamoja. Naomba yeyote anayesoma hapa asimruhusu mtu wa nyumbani kwake kufanya hilo.

Je, inauma?

Swali hili linastahili jibu la kweli. Ganzi ikishika vizuri, kutibiwa mzizi hakutofautiani sana na kuzibwa jino la kawaida, ila unakaa na mdomo wazi muda mrefu zaidi. Sifa ya mateso inatoka mahali pawili. Kwanza, mtu anafika akiwa katika zile siku za maumivu makali, na baadaye anaposimulia, uchungu wa ugonjwa anauandika kwenye daftari la matibabu. Pili, wazee wetu walisimulia enzi zao, na enzi hizo ganzi haikuwa kama ya leo. Lignokeini, dawa inayotumika sana kutia ganzi, ilitengenezwa Sweden mwaka 1943 na kuanza kuuzwa mwaka 1948, na ilichukua miaka mingi zaidi kufika kila zahanati.

Ipo pia chembe ya ukweli. Jino lililovimba kiini, hasa gego la chini, linaweza kuikataa ganzi ya kwanza. Nyama yenye uvimbe ina asidi, na asidi hiyo hupunguza nguvu ya dawa. Mishipa ya fahamu nayo imekuwa nyepesi kushtuka. Daktari anayejua kazi hakuambii uvumilie. Anaongeza sindano mahali pengine, kando ya mzizi au kwenye kiini chenyewe, au anakutuliza kwa dawa na kukupangia siku nyingine. Mnakubaliana kabla hajaanza kwamba ukinyoosha mkono anasimama. Mgonjwa ana haki ya kusema "Daktari, bado nasikia." Wengi, hasa akina mama wa vijijini, wanaona haya kusema hivyo mbele ya mtu aliyevaa koti jeupe. Sema tu, mama. Ndivyo anavyojua aongeze.

Kinachofanyika kitini ni hiki. Picha ya eksirei inaonyesha mizizi mingapi na mfupa umeliwa kiasi gani. Ganzi inatiwa. Kipande chembamba cha mpira kinatandazwa kuzunguka jino ili mate yasiingie na vifaa visidondoke kooni; kliniki isiyo nacho, uliza kwa nini. Tundu linafunguliwa juu ya jino, kisha nyuzi za chuma zenye meno madogo zinapitishwa kwenye kila mfereji, kuanzia nyembamba ambayo ncha yake inaweza kuwa na unene wa sehemu moja ya kumi ya milimita. Urefu wa mfereji unapimwa kwa picha au kwa kifaa cha umeme chenye waya unaoning'inia mdomoni, kwa sababu kuishia njiani kunaacha bakteria, na kupitiliza kunajeruhi mfupa. Katikati ya kazi mfereji unaoshwa tena na tena kwa haipokloraiti ya sodiamu, kemikali ileile iliyomo kwenye dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, ila imepimwa na inaingizwa kwa uangalifu. Si jambo la kujaribu nyumbani. Mwisho mfereji unajazwa gatapacha, utomvu mgumu wa miti ya Asia ya Kusini-Mashariki ambao karne ya 19 ulitumika pia kufunika nyaya za simu za maandishi zilizolazwa chini ya bahari. Juu yake jino linazibwa.

Baada ya hapo jino linaweza kuuma ukilitafunia kwa siku kadhaa, na hapo ndipo wengi wanaposema wamedanganywa: mshipa si umetolewa, mbona bado linauma? Kuzunguka mzizi kuna nyuzi za nyama zinazolishikilia jino kwenye mfupa, na nyuzi hizo zina mishipa yake ya fahamu. Zilikuwa zimevimba kabla hata hujafika, na kazi imezichokoza kidogo. Hutulia zenyewe, na dawa ya kawaida ya maumivu inatosha. Maumivu yanayoongezeka badala ya kupungua, au uvimbe mpya, hayo yanakurudisha kliniki.

Maiti mdomoni

Tuhuma nzito kuliko zote ni kwamba jino lililotibiwa mzizi ni kitu kilichokufa kinachotoa sumu mwilini na kuleta saratani, ugonjwa wa moyo, baridi yabisi. Siku hizi inazunguka kwenye simu kwa video fupi zenye muziki wa kutisha, na nimeona watu waliosoma vizuri wakizisambaza kwa nia njema kabisa. Madai haya yana historia, na ukiijua yanapoteza nguvu.

Mwaka 1910 daktari Mwingereza William Hunter alihutubia Montreal, Kanada, akishambulia kazi chafu ya meno ya wakati ule: dhahabu iliyofunikwa juu ya mizizi iliyooza na fizi zenye usaha. Kwa aliyoyaona, alikuwa na haki ya kukasirika. Eksirei ilikuwa imegunduliwa mwaka 1895 tu na bado haikuwa kifaa cha kila kliniki, kwa hiyo madaktari waliziba mizizi bila kuiona. Kutoka hapo ilikua nadharia kwamba bakteria waliojificha kwenye jino ndio chanzo cha magonjwa ya mwili mzima. Weston Price, daktari wa meno wa Cleveland, aliibeba mbali kuliko wengine. Alichukua meno yaliyotibiwa mzizi ya watu wagonjwa, akayapandikiza chini ya ngozi za sungura, sungura wakaugua, na mwaka 1923 akachapisha matokeo yake. Madaktari wakaanza kung'oa. Watu waling'olewa meno yote, mazima na mabovu, kwa matumaini ya kupona viungo au figo.

Hawakupona. Waliorudia majaribio kwa masharti makali zaidi waliona kasoro: jino linapong'olewa hupita kwenye ufizi wenye bakteria na kuchafuka njiani, na kipimo cha bakteria alichowapa sungura kilikuwa kikubwa mno kulinganisha na mwili wao. Kufikia miaka ya 1950 nadharia hiyo ilikuwa imeachwa, na hakuna utafiti mzuri tangu hapo ulioonyesha kwamba kutibu mzizi kunaleta saratani. Kilichobaki ni video.

Halafu jino lenyewe si maiti kwa maana wanayoikusudia. Jino lililokwisha kukomaa halihitaji kiini ili liishi mdomoni. Mzizi wake kwa nje umefunikwa na tishu hai, umeshikwa na zile nyuzi nilizozitaja, na vyote hivyo vinapata damu kutoka kwenye mfupa wa taya. Ndiyo maana mtu aliyetibiwa mzizi bado anahisi jiwe kwenye wali.

Chembe ya ukweli hapa ni kwamba bakteria wa mdomoni wanaweza kuingia kwenye damu. Wanaingia hata ukipiga mswaki fizi zikiwa mbovu, na kung'oa jino huwaingiza zaidi kuliko kutibu mzizi. Kwa mwili wenye afya hilo linapita. Kwa mtu mwenye vali ya moyo ya bandia, au aliyewahi kupata maambukizi ndani ya moyo, ni jambo la kumwambia daktari kabla hajagusa kitu, ili apewe dawa ya kinga mapema. Mwenye kisukari naye aseme, kwa sababu sukari isiyodhibitiwa hukawisha kupona.

Kuhusu macho niseme kwa ufupi. Mshipa mkuu wa fahamu wa uso una matawi matatu: moja la paji na eneo la jicho, moja la taya la juu, moja la taya la chini. Maumivu huweza kuvuka kutoka tawi moja kwenda jingine, ndiyo maana jino la juu linaweza kuumia jichoni. Lakini mshipa wa kuonea ni mwingine kabisa, hauguswi na sindano ya ganzi ya kawaida wala kwa kung'oa jino. Kinachoweza kulifumba jicho ni jipu la chonge la juu lililoachwa hadi shavu zima likavimba. Wanaoogopa macho yao wana sababu ya kutibiwa mapema zaidi.

Kwa nini la jirani lilirudi

Jirani aliyevimba upya hakusema uongo. Matibabu ya mzizi yanaweza kushindwa. Mapitio ya tafiti nyingi yaliyochapishwa mwaka 2010 yalikuta kwamba kati ya meno 100 yaliyotibiwa, kama 86 hadi 93 yalikuwa bado mdomoni baada ya kipindi cha kati ya miaka 2 na 10. Ni matokeo mazuri, na bado yanaacha watu wenye sababu ya kulalamika.

Sababu moja ni ule mfereji uliojificha, ambao haukuonekana na hivyo haukusafishwa. Nyingine, na katika mikoa yetu ya nyanda za juu nadhani inastahili kusemwa kuliko zote, ni mgonjwa kutorudi. Matibabu mara nyingi huhitaji kwenda mara mbili au tatu. Siku ya kwanza jino linafunguliwa, usaha unatoka, dawa inawekwa, linazibwa kwa muda. Maumivu yanakatika siku hiyohiyo. Mtu aliyetoka Ludewa au Kilolo, mwenye viazi vya kuchimba, mahindi ya kuvuna na nauli ya kutafuta, anaona amepona. Kizibo cha muda kinavuja baada ya wiki chache, mate yanaingia na bakteria wake, na kazi yote inakuwa bure. Mwaka unaofuata shavu linapanda na kijiji kizima kinapata ushahidi kwamba matibabu ya mzizi hayafai. Lawama si ya mgonjwa peke yake. Mhudumu aliyemwambia tu "urudi wiki ijayo", bila kumweleza kwamba kizibo kile si cha kudumu, amemnyima sababu ya kupanda gari. Na anayetoka mbali anaweza kuomba mapema kazi ikamilike kwa siku moja ikiwezekana. Meno mengi yanaruhusu.

Sababu ya tatu ni jino kupasuka. Linapasuka kwa kuwa limepoteza ukuta, kwanza kwa kuoza na kisha kwa tundu lililofunguliwa, na magego ndiyo yanayobeba mzigo wa mahindi ya kuchoma na muwa. Kwa hiyo gego lililotibiwa mzizi kwa kawaida linavikwa kofia, yaani kifuniko kigumu kinachofunika sehemu yote ya jino inayoonekana. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2002 ulikuta meno yaliyotibiwa bila kuvikwa kofia yakipotea kwa kiwango cha mara 6 kuliko yaliyovikwa. Kofia ni gharama ya ziada, na lazima itajwe siku ya kwanza, si baada ya mgonjwa kumaliza hela zake kwenye mfereji.

Lililoshindwa linaweza kutibiwa upya. Si lazima ling'olewe.

Kung'oa nako kuna haki yake

Sitaki mtu aondoke hapa akidhani kila jino liokolewe. Jino lililopasuka hadi chini ya ufizi, lililobaki kisiki kisicho na pa kushikia, linalotikisika kwa ugonjwa wa fizi, au gego la mwisho lililokaa upande, mara nyingi ni la kung'oa. Na pesa ni kigezo cha haki. Kung'oa ni rahisi mara nyingi kuliko kutibu mzizi, na baba anayechagua ada ya shule badala ya gego hajakosea. Ninachokipinga ni kumficha hesabu nzima. Pengo la gego halikai hivihivi: meno ya jirani huinama kuliingilia, la upande wa pili hurefuka likitafuta mwenzake, chakula kinakwama, kutafuna kunahamia upande mmoja. Jino la bandia nalo lina bei. Mtu akiwekewa hayo yote mezani, pamoja na bei ya kofia na idadi ya safari, achague mwenyewe. Kabla ya kukubali lolote aulize jino lina mifereji mingapi, bei inaishia wapi, na bima yake inalipia nini.

Mjamzito asiambiwe asubiri ajifungue. Miezi ya kati ya mimba, wa nne hadi wa sita, ndiyo inayofaa zaidi kwa matibabu ya meno. Lignokeini kwa kipimo cha kawaida inakubalika, na eksirei ya jino inapohitajika inaweza kupigwa. Maumivu makali hayangoji mwezi wowote. Watoto nao wana matibabu yao ya kiini, na gego la utotoni, ambalo hukaa hadi miaka 10 au 12, linashika nafasi ya jino litakalokuja, kwa hiyo si la kupuuzwa eti litadondoka tu.

Yapo mazingira ambayo mjadala wa kuokoa au kung'oa unakaa pembeni. Uvimbe wa jino ukishuka chini ya taya na kuelekea shingoni, sakafu ya mdomo ikainuka, mdomo ukashindwa kufunguka, mate yakawa hayamezeki, homa ikapanda, sauti ikabadilika au pumzi ikaanza kubana, usaha umeingia katika nafasi za shingo na unaweza kuziba njia ya hewa ndani ya saa chache. Hapo gari la asubuhi halisubiriwi. Ni hospitali ya wilaya iliyo karibu, au ya rufaa, usiku huohuo, mgonjwa akiwa ameketi na asilazwe chali. Anayemsindikiza aseme mlangoni kwamba uvimbe ulianzia kwenye jino, ni siku ngapi sasa, na ataje kila kidonge alichokwisha kumeza.